Nilikuwa mkarimu kwa jasho la mtu

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja dukani na flashi yake ya GB 32 akaniambia dada, niwekee zile sirizi mpya na vile vitabu vya S.4, yaani kidato cha nne, vya mdogo wangu. Nikamwambia movie sina, na vitabu ninavyo vile tu ambavyo wenyewe wameruhusu. Akaniangalia kama nimemnyima maji ya kunywa. Akasema lakini dada zamani ulikuwa unatupa, hii si ni kopi tu, wewe unapungukiwa nini? Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa fotokopi kwa iyo sikumjibu vizuri, nilimwambia tu nitakueleza siku nyingine, na hiyo siku nyingine ndo leo, kwasababu jibu lake ni refu na linaniuma.

Kwa wasionijua, nafanya kazi kwenye duka la kutaipu, kuprinti na fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka. Kompyuta mbili, printa moja, mashine moja ya fotokopi ambayo ikipata karatasi yenye unyevu inakwama. Kiswahili nakitumia kutwa nzima maana wateja wangu ni Wasamia, Waganda, Wakenya, madereva wa malori wanaotoka Mombasa kwenda Kongo, na wote tunaelewana hapohapo kaunta. Wanaleta kila kitu, barua ya kuomba kazi, makubaliano ya kuuziana kiwanja, programu ya mazishi, mpaka wosia. Na zamani walikuwa wanaleta flashi niwajazie, movie moja shilingi 500, folda nzima ya nyimbo 1,000, na PDF za shule nilikuwa natoa bure ukiprinti kwangu.

Sikuona ubaya wowote, na nataka mnielewe kwanini. Intaneti kwetu si maji ya mvua. Julai 1, 2018 serikali ilianza kututoza shilingi 200 kila siku kwa kuingia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii, hiyo ikaondolewa 2021 lakini mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe, kwa iyo kabla hujafungua hata ukurasa mmoja umeshalipa. Ndo maana mtaa mzima unategemea mtu mmoja mwenye bando apakue kitu alafu kizunguke kwa flashi, kwa Xender, kwa Bluetooth, kwa kadi ya simu inayochomolewa na kuchomekwa. Yule mmoja anakuwa kama kisima, na mimi nilikuwa kisima cha mtaa wetu na nilijisikia vizuri sana kuwa hivyo, watoto walikuwa wananiita anti wa vitabu.

Sasa niwaambie ya mwalimu.

Machi 20, 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Tulidhani ni mwezi mmoja, kumbe shule zilikuja kufunguka kwa madarasa yote Januari 10, 2022. Walimu wa serikali mshahara uliendelea kuingia lakini wale wa shule za binafsi wengi wao hawakupata kitu, nimewaona kwa macho yangu wakiuza makaa, wakiendesha boda, wakichoma matofali. Mwezi wa saba mwaka 2020 mwalimu mmoja wa baiolojia, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliingia dukani na madaftari makubwa matatu ya jalada gumu amefunga kwa mpira. Akayaweka kaunta polepole, akaniambia, "Binti yangu, hii ni miaka kumi na tisa ya kufundisha. Usiipoteze."

Nilifungua lile la kwanza na nilishangaa. Mwandiko ule unaona mtu alikuwa anamfikiria mtoto wa mwisho darasani. Mchoro wa figo aliuchora kwa penseli kwanza akaupitia na wino, kila mshale na jina lake, kila kichwa cha somo na maswali matano yaliyowahi kutoka kwenye mitihani ya UNEB, baraza letu la mitihani, na jinsi ya kuyajibu. Kazi yangu ilikuwa kutaipu, kuskani michoro na kuunganisha yote yawe pamfleti. Ilinichukua wiki mbili, kurasa 84, elfu moja kwa ukurasa, akanipa 40,000 mkononi tukakubaliana iliyobaki atalipa akiuza. Pamfleti moja alikuwa anaiuza 15,000, kuitoa na kuipiga bandi kwangu ilikuwa 8,000, kwa iyo kwa kila moja alikuwa anabaki na elfu saba. Wiki ya kwanza aliuza 22. Siku ile alikuja na uso mwingine kabisa, akanilipa 20,000 ya deni, akanunua na chapati mbili za kupeleka nyumbani.

Alafu akaja binti wa mama anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Huyu mama wanunuzi wake wengi walikuwa wa upande wa Kenya, na mpaka ulipofungwa wakawa wanapita wenye malori tu, biashara ikafa. Binti alikuwa kendideti wa S.4. Aliiona ile pamfleti juu ya kaunta akauliza bei, nikamwambia, akanyamaza, alafu akasema, "Anti, naomba nisome hapahapa, sitaondoka nayo." Akasoma amesimama kama saa nzima, anapisha wateja, anarudi, kidole kwenye mstari. Mi nikashindwa. Nikachukua namba ya simu ya mama yake nikamtumia PDF nzima WhatsApp, nikamwambia usimpe mtu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Usiku ule nililala vizuri sana. Si wanasema kutoa ni moyo si utajiri.

Siku ya tatu, PDF ileile nikaiona kwenye grupu la wazazi wa kanisani. Siku ya tano nikaiona kwenye grupu lingine la watu ambao hata siwajui, na safari hii kava ilikuwa imebadilishwa, jina la mwalimu limetolewa, limewekwa jina lingine na namba ya simu, imeandikwa tuma 5,000 kwa mobile money upate noti za masomo yote. Nilitamani kukataa kwamba ni ile, lakini kwenye ukurasa wa mchoro wa figo, kona ya chini kulia, kuna kivuli cha kidole changu. Nilishika karatasi wakati wa kuskani nikaona haina shida, nikaacha. Sasa kidole changu kilikuwa kinazunguka Uganda nzima kwenye kazi ya mtu niliyopewa niitunze.

Nilijaribu kufuta. WhatsApp wakati ule ilikuwa inakupa kama saa moja tu ya kumfutia kila mtu, na hata ingekuwa ndani ya muda, inafuta ujumbe kwenye mazungumzo, haiendi kumnyang'anya mtu faili ambayo ameshaitoa akaituma kwingine. Nikampigia binti analia. Alimtumia rafiki yake mmoja tu wanayesoma naye, na huyo rafiki akampa kaka yake, na kaka yake sijui akampa nani. Kila mmoja alimpa mtu mmoja anayempenda. Hakuna hata mmoja hapo kati aliyekuwa na roho mbaya mpaka ilipomfikia yule wa kubadilisha kava.

Mwalimu alikuja Jumatatu. Kulikuwa na mzazi aliyekuwa ameagiza pamfleti kumi kwa ajili ya watoto wa ukoo wake, mwalimu alipompelekea yule mzazi akamwonyesha simu, akamwambia ninayo tayari. Mwalimu aliweka simu yake kaunta, akaivuta ile picha ya figo mpaka kona ikajaa kioo chote. Akaniuliza taratibu, "Hiki kidole si chako?"

Nikamwambia, "Ni changu, mwalimu. Nisamehe." Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, mtoto wa nani? Nikamtajia. Akakaa kimya, akasema, "Yule ningempa. Mama yake nimekula samaki wake kwa deni miaka mingapi. Ungeniuliza tu."

Akaondoka. Lile deni la 24,000 lililobaki nilimwandikia ujumbe kwamba limekwisha, asilipe. Wiki mbili baadaye ikaingia mobile money, 24,000 kamili, bila neno lolote.

Nimeandika haya yote kwa urefu kwasababu kila mara watu wanapozungumzia hii mambo ya kushea mafaili wanaizungumzia kama vile upande mmoja kuna mimi maskini na upande mwingine kuna kampuni kubwa ya Marekani yenye hela. Ni kweli mara nyingine iko hivyo. Lakini mara nyingine upande wa pili kuna mwalimu na chapati mbili. Na wanaosema ni kopi tu, mwenyewe hajapungukiwa, hapo pana ukweli pia, madaftari yake matatu alibaki nayo, mi sikumwibia ng'ombe. Nilichomnyang'anya ni uamuzi. Yeye ndo alikuwa na haki ya kusema huyu nampa bure, huyu nampunguzia, huyu ana uwezo alipe. Nilikuwa mkarimu kwa jasho la mtu mwingine, na sifa nikachukua mimi.

Baadaye nilienda kusoma sheria yetu ya hakimiliki, ile ya 2006. Nilikuwa nadhani mpaka mtu asajili kazi yake ndo inakuwa yake kisheria, kumbe hapana, ikishaandikwa tu inalindwa, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kutaipu hakukunifanya kuwa mwenye nayo hata robo. Na sheria hiyohiyo inaacha nafasi, kunukuu, kutumia kidogo kufundishia darasani, mtu kujitolea kopi kwa matumizi yake binafsi, mradi iwe kwa haki na isimuumize mwenye kazi sokoni. Kwa iyo si sheria ya kikatili kama nilivyokuwa nasikia. Lakini niseme kweli, sheria nimeisoma nikiwa nimeshaelewa tayari, kilichonielewesha ni ile kona ya chini kulia.

Sasa kuna upande wa hatari na huu nao nimeulipia.

Mwenye duka alitaka programu ya kutengeneza picha, za harusi na za mabango ya kampeni, maana uchaguzi ulikuwa unakaribia na hela ilikuwa kwenye mabango. Bei yake ilikuwa ya dola kila mwezi, haiwezekani. Nikatafuta kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli utumie bila kulipa. Wanaojua wanajua, unapata faili imefungwa kwa zip, ndani kuna maelekezo, na maelekezo yanakuambia kwanza zima antivairasi kwasababu itakusumbua bure. Nikazima. Nafikiria mara nyingi hiyo sekunde, mtu nisiyemjua ameniambia fungua mlango wa nyuma na mwondoe mlinzi, nikafanya.

Programu haikufunguka. Kilichotokea ni kwamba baada ya dakika kadhaa mafaili yote yalianza kuonekana meupe, kila faili imeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake, na kwenye kila folda kukawa na karatasi inaitwa _readme.txt. Ilisema mafaili yako yote tumeyafunga, kuyafungua ni dola 980, ukituandikia ndani ya saa 72 tunakupa nusu bei, dola 490. Hiyo ilikuwa kama milioni moja na laki nane kwa hela yetu. Hii familia ya vairasi inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, na njia yake kubwa ya kusafiri ndo hizi kraki na vifungulio vya programu, yaani inawawinda hasahasa watu kama sisi ambao hatuna hela ya programu na wala hatuna hela ya kukomboa. Kuna kifaa cha bure ambacho kinaweza kufungua baadhi ya mafaili, inategemea ufunguo uliotumika kuyafunga, kama ulikuwa umo ndani ya vairasi yenyewe una bahati, kama uliletwa kutoka kwenye seva yao kwa ajili ya kompyuta yako peke yake, basi. Wetu uliletwa.

Hatukulipa. Tulipoteza kila kitu. Na mafaili yenyewe hayakuwa yetu, ndo uchungu wake. Kulikuwa na utafiti wa mwanafunzi wa chuo, sura nne, alikuwa anaandikia kwetu kwasababu hana kompyuta. Kulikuwa na picha moja ya mzee aliyefariki, familia walikuwa nayo moja tu kwenye simu, simu ikaharibika, wakakumbuka iko kwangu tangu programu ya mazishi. Yule mama alinipigia akaniuliza, "Hata ndogo haipo?" Wahenga walisema rahisi ghali, lakini hapa aliyelipa si mimi niliyetafuta rahisi.

Flashi nazo mnazijua. Unachomeka, folda zote zimegeuka kuwa shotikati za 1 KB, watu wanalia kazi imepotea, kumbe mara nyingi imefichwa tu na inaweza kurudi, lakini ukibofya ile shotikati umeshaambukiza mashine. Na ile movie inayoishia .exe si movie. Windows yenyewe inaficha hiyo sehemu ya mwisho ya jina mpaka umeiambia ionyeshe, ingia kwenye mipangilio ya folda uiwashe leo, inachukua nusu dakika.

Torenti watu wananiuliza sana. Teknolojia yenyewe haina dhambi, aliitengeneza Bram Cohen mwaka 2001 na ni akili ya ajabu, faili inakatwa vipande vidogovidogo, unachukua kipande kwa huyu na kingine kwa yule, na wewe ukishapata kipande unaanza kuwagawia wengine. Hapo kwenye kugawia ndo watu wa bando hawaelewi, bando linaliwa kwenda na kurudi, unalala asubuhi GB zote zimekwenda kuwapa watu wa Brazili. Na kila uliyeunganishwa naye anaona anwani yako ya IP, hakuna kujificha kama wengi wanavyodhani. Mi torenti natumia mpaka leo, Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, niliipakua kwa torenti kutoka kwao wenyewe, ni halali kabisa, na kompyuta yetu moja sasa inatumia hiyo pamoja na LibreOffice, programu ya bure ya kutaipu. Mwanzoni wateja walilalamika mistari inasogea wakipeleka kwenye Word, tukajifunza kuwapa PDF, imekwisha.

Kuna mahali nasita, na sitaki kujifanya nimemaliza kila swali. Wanafunzi wa uuguzi na wa vyuo wanakuja wanataka makala za utafiti, unafungua unakuta dola 30 au 40 kwa makala moja, hiyo ni zaidi ya laki, na mwandishi wa ile makala hapati hata senti hapo, inakwenda kwa mchapishaji. Ndo maana Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan alianzisha Sci-Hub, tovuti ya kutoa makala hizo bure bila ruhusa ya wachapishaji, mwaka 2011, akashtakiwa New York, mwaka 2017 mahakama ikaamua alipe Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, dola milioni 15, na tovuti haikufa. Siwezi kumwambia nesi wa kesho asisome kuhusu dawa kwasababu ya dola 40. Lakini nimegundua mara nyingi njia ipo ambayo hatuambiwi. Vyuo na hospitali za Uganda zinaweza kupata majarida mengi bure kupitia Research4Life, uliza mkutubi wako. Na andika barua pepe kwa mwandishi mwenyewe, anwani yake ipo pale juu kwenye makala na ile hauilipii. Nimewasaidia wanafunzi kuandika hizo barua, mistari mitatu tu, naitwa fulani, nasoma hapa, naomba kopi ya makala yako. Mmoja alijibiwa usiku uleule na profesa wa Uholanzi, akatumiwa makala aliyoomba na nyingine mbili ambazo hakuomba. Nilipoona ile nilimkumbuka mwalimu. Ungeniuliza tu.

Na movie je? Hapa jirani kuna laibrari ya movie, kijana anafanya kazi yake kwa bidii, analipa kodi ya chumba, anauza zile zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wanaoweka sauti yao juu ya movie wakitafsiri, na bila ma-VJ bibi yangu asingejua kwenye movie ya Wachina nani anamlipizia nani kisasi. Mi sitamtupia mawe. Lakini nawaza kuhusu Isaac Nabwana wa Wakaliga pale Kampala, mwenye Wakaliwood, studio yake ya movie. Movie yake iliyojulikana dunia nzima, Who Killed Captain Alex?, aliitengeneza 2010 kwa hela ambayo haifiki dola 200, waigizaji wenyewe wakawa wanauza DVD nyumba kwa nyumba, mbio, kabla wezi wa kopi hawajaamka. Kompyuta yake haikuwa na nafasi, ilibidi afute ili atengeneze nyingine, kwa iyo leo movie ya mwanzo safi haipo, iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ juu yake. Kopi iliokoa kazi na kopi ndo ilikuwa inawanyima chakula, vyote viwili, kwa watu walewale. Na mwaka 2015 ikawekwa YouTube kwa ridhaa yake mwenyewe, tazama bure, na ndo ilipokwenda dunia nzima. Aliitoa mwenyewe.

Kwa iyo dukani tulibadilika, si kwa siku moja. Watoto nawawekea Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, unapata Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu bila bando, na hadithi za African Storybook ambazo zipo kwa Kiswahili, Luganda na lugha zetu nyingine, walioandika wameruhusu kabisa kunakili na kusambaza. Nawaambia hii mpe na mwenzako, na mwenzako ampe mwingine, na nasema hivyo moyo wangu mweupe. Vitambulisho ambavyo watu wananitumia WhatsApp niwaprintie nafuta kila jioni kabla sijafunga mlango, kwenye simu na kwenye kompyuta na kwenye kikapu cha taka cha kompyuta, maana kitambulisho cha mtu kikizurura kinaweza kufanyiwa mengi ambayo mwenyewe atakuja kuyajua siku ya kudaiwa, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu ambayo inamhusu hata mwenye fotokopi moja kama mimi.

Yule binti alifanya mtihani wake Machi 2021, akapita, baiolojia alipata vizuri kuliko masomo yote. Sijui hiyo niiweke upande gani wa mizani.

Mwalimu sikumwona dukani miaka mitatu. Nilikuwa namwona barabarani, namsalimia shikamoo mwalimu, ananijibu vizuri, anapita. Alafu 2023 akaja. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza na S.1 mwaka 2020 ulikuwa unakaribia kufika S.4, zile noti zake za zamani hazifai tena vilevile, ilibidi aandike upya kila kitu. Alikuwa na madaftari mawili safari hii, amefunga kwa mpira uleule nadhani.

Alivuta kiti akakaa upande wangu wa kaunta, siku zote tisa nilizotaipu. Michoro nilishika kwa kingo, nikaangalia kila kona. Tulipomaliza nikamwekea kwenye flashi yake, nikafuta kwenye mashine mbele ya macho yake, nikamwaga na kikapu cha taka. Nilidhani atasimama aende. Akaomba kalamu, akageuza risiti niliyompa, akaanza kuandika nyuma yake. Akanisukumia. Majina saba.

"Hawa wakija wape, usiwadai," akasema. "Karatasi nitalipa mimi."

Nikasoma. Sita yalikuwa na majina kamili na shule. La saba alikuwa amesahau jina, ameandika tu: mtoto wa pili wa mama wa mukene.